Amri ya Mfalme wa Shungwi

Kishungwi tulikitunga mimi na binamu yangu Lamis, darini kwao Kibokoni, kiwe lugha ya Shungwi, mji wa majini tuliousikia katika hadithi za bibi. Hakikuwa kinyume, ule mchezo wa kugeuza silabi anaoujua kila mtoto wa Mji wa Kale. Kilikuwa lugha kamili, na matusi yake.

Mwaka wa tisini na nne watu wa posa walipokuja kumposa Lamis, akawajibu kwa Kishungwi. Alitaka waondoke tu. Wakatoka mbio wakidhani ana jini, na babake, Ami Abdulhalim, akamwita Muhdhar, mganga wa majini.

Nilipofika, Lamis alikuwa amefungwa kwenye mguu wa kitanda, mdomo umempasuka. Bakora ya Muhdhar ilikuwa na damu.

"Taja jina lako!"

"Mimi Lamis! Ile ni lugha tuliyoitunga wenyewe!"

"Jini huyu mrongo," alisema Muhdhar, akampiga mkononi. Nilisikia mfupa ukivunjika.

Hasira ilinipanda. Kumweleza mtu yule kulikuwa kupoteza pumzi, na pigo la kichwa lingemuua Lamis. Lakini sote tulijua desturi: jini akitaja haja yake, iwe pete, kitambaa au mbuzi, hupewa, kisha hutoka. Ami alikuwa ameshaapa kumpa chochote.

Nikajitupa chini, nikabwata kwa Kishungwi, kisha kwa Kiswahili kizito: "Mimi mfalme wa Shungwi! Jini huyu ni mtumwa wangu. Nitamtoa."

Muhdhar akapiga magoti. Alifurahi, mpumbavu yule. "Wataka nini, maulana?"

"Nataka mwenye nyumba akupige wewe, kwa bakora hiyo hiyo, mpaka nitosheke."

Ami akaichukua bakora. Alianza polepole, akinitazama. Nikabwata zaidi, naye akazidisha. Muhdhar alipigwa mgongoni, shingoni, usoni. Meno mawili yakaanguka mkekani, nami nilifurahi kuyaona. Akatambaa kuelekea mlangoni.

"Warongo hawa!" alilia. "Hapana jini! Hapana jini hapa, wallahi!"

Ami akasita, bakora iko juu. Akamtazama bintiye.

"Usimwate atoke, baba," Lamis akasema, kwa sauti yake mwenyewe.

Ami alimsikia vizuri. Akaenda akatia komeo mlangoni, akarudi, akaanza kumpiga Muhdhar upya.