Majogoo Kidoleni mwa Bi Alawiya

Punda yule hakuwa na adabu, tukubaliane hapo kwanza. Alimkanyaga Bi Alawiya kidole gumba cha mguu kwenye kichochoro cha Langoni, akaenda zake bila hata kugeuka. Lakini yaliyofuata tusimsingizie punda.

Zahanati ilimpa Bi Alawiya vidonge vya wiki nzima. Maumivu yalipotulia kidogo siku ya pili tu, akaona kuvimaliza ni israfu. Sahani ya jirani yake, Bi Hadia, ilikuwa bado jikoni tangu ilipoletwa na vitumbua, na Langoni kurudisha sahani tupu ni aibu. Basi akairudisha na vidonge vilivyobaki, maana Bi Hadia alikuwa akikohoa. Kidole kilipovimba tena, jirani mwingine, Bi Ruqaiya, naye akamrudishia sahani yake na vidonge vilivyosalia vya jino. Mtaa mzima ulikuwa ukitibiana hivyo, kwa mapenzi makubwa.

Sasa kidole kimekuwa boga, na arusi ya mjukuu wake Maram imekaribia. Bi Alawiya ndiye aongozaye vugo, ngoma ya arusi ya wanawake, akigonga pembe ya nyati mbele ya wanawake wote njiani. Asipoweza kutembea, pembe itashikwa na Bi Hadia. Heri kidole kikatwe!

Alichechemea hadi zahanati. Daktari Nadra, binti wa mtaa huohuo, alikitazama kidole akaguna.

"Bi Alawiya, kuku wako unachinja wepi?"

"Wanyonge, mwanangu. Jogoo shupavu humwata aishi, azae wana kama yeye."

"Ndivyo ulivyofanya na vijidudu vya kidole. Dawa ya siku mbili imeua vinyonge. Vilivyostahimili vimebaki, vikazaana, na watoto wamerithi ubishi uleule. Sasa dawa ile haviiogopi."

Bi Alawiya alikiangalia kidole kwa hofu na, tusifiche, kwa fahari kidogo. "Nimefuga majogoo?"

"Umefuga. Na kwa vidonge unavyogawa, majirani nao wanafuga."

Nadra akampa dawa nyingine, kali zaidi, akamwapisha aimalize yote.

Mkesha wa arusi kidole kilikuwa kimenywea, na vidonge vingalipo. Bi Hadia akabisha, akikohoa, kuulizia sahani yake nyingine, iliyoletwa juzi na maandazi. Mkono wa Bi Alawiya ulikwenda wenyewe kwenye dawa. Akauzuia. Akameza chake, akamrudishia mwenzake sahani tupu, uso ukimwaka kwa haya.

Bi Hadia aliigeuza sahani, akachungulia hata chini yake. "Tumekosana?"

"Hatukukosana."

Hakuamini. Siku ya pili, vugo likiwa limepamba moto, alimkanyaga Bi Alawiya kidole kilekile, kwa makusudi kabisa. Wanawake wakangoja ugomvi. Bi Alawiya akagonga pembe, akasonga mbele.

Alimaliza vidonge vyote. Asubuhi iliyofuata alibisha kwa Bi Hadia, na kikohozi ndicho kilichomfungulia mlango.

"Yeo tena mikono mitupu?"

"Mitupu. Vaa buibui, Hadia. Nimekuya kukutukua, twende kwa Nadra."