Sigara ya Chumvi

Ngiri ya Mzee Matano ilianzia kwenye sufuria. Kwa miaka thelathini na moja alikuwa mpishi wa pilau wa karibu kila shughuli ya Waislamu wa Mbeya, na nyingi za Wakristo pia, na muda wote huo hakukubali mtu mwingine ainue sufuria yake ikiwa imejaa. Hatimaye kinena kikachoka, kikavimba, na kila alipokohoa ilimbidi ajishike pale kwa mkono na kukunja uso. Na kukohoa ndiko kulikokuwa kazi yake ya pili baada ya pilau, maana alivuta pakiti nzima kwa siku tangu ujana wake.

Daktari Anyelwisye, kijana mpole wa Kyela mwenye miwani, alimpima akampa habari mbili. Ya kwanza ilikuwa njema: atapasuliwa, na baada ya miezi miwili ya kupumzika ataweza kusimama tena mbele ya sufuria, mradi wa kuinua awe mwingine. Ya pili ilikuwa kwamba yeye hampasui mtu anayekohoa namna ile, kwa sababu mshono ungefumuka kabla haujapona. Alitaka wiki nne bila sigara hata moja, na siku ya kulazwa angemsikiliza kifua mwenyewe.

"Wiki nne," Matano akasema. "Daktari, hata Ramadhani huwa tunafuturu."

Alifanya mzaha, lakini hakuwa na pa kukimbilia. Faraji, kitinda mimba wake mwenye duka la simu Iringa, alikuwa anaoa baada ya miezi mitatu na nusu, na Matano alikuwa amekwisha kuwaahidi wakwe kwamba pilau ya walima ataipika kwa mkono wake. Asipopasuliwa sasa, siku hiyo atakalishwa kwenye kiti kama mgeni, na pilau ya mwanawe itapikwa na mtu wa kukodi. Wazo hilo lilimuuma kuliko ngiri yenyewe.

Siku ya kwanza aliimaliza vizuri, akajisifu mpaka majirani wakachoka. Siku ya pili kichwa kikaanza kugonga, na vidole vikaingia mfuko wa shati mara ishirini kutafuta kisichokuwepo. Siku ya tatu aligombana na jogoo, akagombana na mtangazaji wa redio, kisha akamwuliza mkewe kwa nini anatembea kwa kishindo, wakati Mwanakhamisi alikuwa amekaa kwenye mkeka anashona kofia. Usingizi ulimkimbia. Kikohozi nacho, badala ya kupungua, kikazidi, akampigia daktari simu kulalamika kwamba ameuziwa mbuzi kwenye gunia. Daktari akamwambia mapafu yake yanafagia nyumba, ayaache yafagie.

Mwanakhamisi alikuwa mwanamke wa maneno machache na mipango mingi. Alimjazia kikopo karafuu na iliki, kila hamu ikija atafune. Matano akatafuna karafuu mpaka midomo ikafa ganzi, na msikitini akashindwa hata kuitikia salamu ikaeleweka. Ndipo mke akamtolea ungo. Rafiki yao Seni, mkulima wa Igawa ambaye baba yake alihamia Usangu na ng'ombe wake kutoka Usukumani, alikuwa amekwisha kuwaletea mchele wa walima, gunia zima, na mchele wa mashineni haukosi mawe. Mwanakhamisi akamwambia hamu ikimpanda achague mchele, maana mikono yenye kazi haikumbuki mfuko.

Mwanaume mzima, mwenye ndevu nyeupe, akakaa kibarazani pale Majengo na ungo mapajani, anachagua mchele kama mwali. Wapita njia walisimama kutazama. Walicheka siku mbili, na siku ya tatu mwanamke mmoja akaja na mchele wake kilo tano, akauliza kama Mzee bado ana hamu. Alikuwa nayo, tena nyingi. Kufikia mwisho wa wiki ya pili nusu ya mtaa ilikuwa inakula wali usio na jiwe hata moja, na watu walipokutana naye asubuhi walimwuliza kwanza hali ya sigara, wakiomba kimoyomoyo hamu isiwe imeisha nguvu kabla hawajaleta mchele wao.

Kisha harufu zikaanza kurudi. Asubuhi moja alinusa mvua ikiteremka kutoka mlima Loleza kabla haijafika mjini. Alinusa sabuni kwenye khanga ya mkewe, akamfuata jikoni kuinusa tena, akafukuzwa kwa mwiko. Alikunywa chai akauliza imetiwa nini, na Mwanakhamisi akajibu kwamba imetiwa majani ya chai, kama siku zote. Matano alifurahi hivi kwamba kwa saa nzima alisahau kuwa na hasira.

Mwanakhamisi naye alifurahi, lakini kwa jicho moja. La pili lilikuwa linatazama Jumamosi. Jumamosi ilikuwa akika ya mjukuu wa Ibrahimu, muuza vitambaa, na Matano alikuwa amekubali kupika. Wanaume wa mtaani wangebeba sufuria, na yeye angetia mkono tu.

Hapa lazima msomaji aijue sigara ya chumvi. Katika kila shughuli Matano alikaanga vitunguu mwenyewe, akatia bizari, akatia nyama na supu yake, na mwisho akatia chumvi kwa kiganja, bila kijiko. Baada ya hapo aliwaamuru watu wote wakae mbali, supu inywe chumvi yake kwa utulivu, naye akatoka nje ya ua kuvuta sigara moja, si zaidi wala si pungufu. Aliporudi, ndipo mchele ulipoingia. Wapishi wengine walimwiga hadi Makambako, wakaamini kwamba siri ya pilau ya Matano iko kwenye huo muda wa kuacha supu peke yake. Mtu pekee aliyeruhusiwa kubaki pale alikuwa mkewe, wa kutazama moto.

Jumamosi ile kwa Ibrahimu chumvi iliingia, watu wakakaa mbali, na Matano akabaki palepale amesimama. Nyuma ya ua ndiko walikokuwa wavutaji wote, na yeye hakutaka kwenda kujaribiwa. Mwanakhamisi akamwambia Ibrahimu anamwita. Akajibu Ibrahimu ana miguu. Akamwambia simu yake inaita ndani. Akasema haijaita, yuko nayo mfukoni. Akamwambia akanawe uso, amechoka. Matano akavuta kigoda, akakaa, akasema leo atamsaidia kutazama moto.

Kisha, kwa kukosa kazi ya mikono, akachota supu kwa upawa, akaidondoshea kiganjani, akailamba.

Akalamba tena. Ulimi uliolala miaka arobaini ulikuwa umeamka, na ulichokutana nacho kilikuwa chumvi ya kutosha kuhifadhi samaki.

"Nani ameongeza chumvi humu?" akauliza. Alitazama huku na huku, na kwa kuwa hapakuwa na mwingine, akamtazama mkewe. "Mama Faraji, umetia mkono?"

Mwanakhamisi aliweka kuni chini. Angeweza kusema ndiyo, na mambo yangeisha. Lakini alikuwa amechoka na kazi ile ya kificho, na mume aliyekuwa mbele yake sasa alikuwa na ulimi wa kumsikiliza.

"Baba Faraji, hiyo ni chumvi yako," akasema taratibu. "Ndiyo chumvi yako ya siku zote. Ukitoka kuvuta, mimi natoa pawa nne, natia maji ya moto na viazi, nakamulia ndimu. Ukirudi unakuta iko sawa. Miaka thelathini na moja."

Matano alikumbuka alivyokuwa akiwatambia watu kwamba pilau isiyo na viazi si pilau. Alikumbuka masheikh waliomshika mkono na kuusifu mkono huo. Akasimama, akatoka nje ya ua, akavuka barabara hadi kwenye kibanda cha Brayson, akanunua sigara moja na kuomba kiberiti.

Brayson, ambaye alikuwa na mchele wake kwenye foleni, alitoa sigara kwa huzuni kubwa.

Siku kumi na mbili zilikuwa zimebaki kabla ya kulazwa. Matano aliisimamisha sigara midomoni na mwili wake wote ukaitambua, ukaitaka. Aliona aibu kama mtu aliyevuliwa nguo sokoni. Sigara moja tu ingeifunika aibu hiyo kwa dakika tano, na daktari asingejua. Alikwisha kutoa njiti ya kiberiti.

Ndipo upepo ukaleta harufu kutoka uani kwa Ibrahimu. Mwanzoni ilikuwa nyama na bizari tu. Kisha ikabadilika, ikalainika, ikaingia kitu cha ndimu, na Matano akaijua. Ilikuwa harufu ya sifa zake. Ndiyo iliyokuwa ikimpokea kila aliporudi kutoka kuvuta, na alidhani ni supu imekunywa chumvi. Mkewe alikuwa anafanya kazi yake wakati huohuo, ng'ambo ya barabara, na yeye katika miaka thelathini na moja hakuwahi kuiona ikifanywa.

Akataka kuiona. Alishangaa jinsi alivyotaka, kuliko alivyotaka moshi. Na akajua kwamba akiwasha ile sigara, ulimi utarudi kulala na hatajua kamwe mkono wa Mwanakhamisi una ladha gani.

Akamrudishia Brayson sigara ikiwa imelowa ncha, akamwambia alete mchele wake Jumatatu, akavuka barabara karibu kwa kukimbia, ameshika kinena.

"Nionyeshe," akamwambia mkewe.

Mwanakhamisi akamtazama kuona kama ni hasira. Haikuwa. Akamwonyesha, pawa kwa pawa, naye akaonja kila hatua kutoka kiganjani mwake kama mtoto anayeonjeshwa asali. Waliishia kucheka, kwanza yeye, halafu mke, mpaka Ibrahimu akaja kuuliza kuna nini, na Matano akamwambia waziwazi kwamba pilau aliyokula kwenye harusi yake mwenyewe ilipikwa na Mama Faraji. Ibrahimu akasema hilo wanawake wote wa Majengo wanalijua.

"Na nyinyi mkanyamaza?"

"Mzee, ungeacha kupika. Na Mama Faraji angetupikia kwenye sufuria ya nani?"

Jioni ile, wakirudi nyumbani, Matano alimwuliza mkewe kama kazi ile ilimchosha. Mwanakhamisi alifikiri kidogo, akasema kazi haikumchosha. Kilichomuuma ni ngoma. Watu wa harusi hupigiwa ngoma saa ileile ya chumvi, naye hawezi kuiacha sufuria. Harusi zote za Mbeya amezisikia kwa masikio, hajacheza hata moja.

Matano alimshika mkono barabarani, jambo ambalo hakuwahi kulifanya tangu waoane, na wakaenda hivyo hadi nyumbani.

Siku ya kulazwa daktari alimwekea kipimo kifuani, akamwambia akohoe. Matano alijitahidi, kikatoka kikohozi kidogo cha adabu. Daktari akamwambia akohoe kweli. Akajibu kwamba hicho ndicho kilichobaki, kingine kimefagiliwa. Alipasuliwa kesho yake asubuhi, mshono ukashika, na miezi miwili aliyolala na kukaa alimaliza mchele wote wa mtaa, hata mtaa wa pili ukaanza kuleta.

Walima ya Faraji ilikuwa Kitanzini, Iringa, siku ya ubaridi na jua kali. Nyanya zilitoka Ilula, mchele ulikuwa ule wa Seni usio na jiwe, na Seni mwenyewe ndiye aliyeinua sufuria kwa mikono yake mirefu, akikataa kusaidiwa. Matano alikaanga vitunguu, akatia bizari, akatia nyama na supu. Mwishoni akachukua chumvi. Hakutumia kiganja. Alitia kidogo, akaonja, akatia tena, akaonja, uso umekunjamana kama mtoto wa shule kwenye mtihani.

Kisha akaweka upawa chini. "Natoka kidogo," akasema.

Mwanakhamisi akashtuka. Alimtazama mfuko wa shati, haukuwa na kitu. Matano akatoka hadi nyuma ya ukuta, akasimama na mikono mitupu, akatafuna iliki moja. Alikaa urefu wa sigara moja, si zaidi wala si pungufu, ili mkewe apate nafasi yake bila mtu wa kumwangalia.

Aliporudi, moto ulikuwa sawa na Mwanakhamisi alikuwa amesimama palepale, mikono kiunoni.

"Umetoa pawa ngapi?"

"Sikugusa," akasema Mwanakhamisi.

Matano hakuamini. Alitazama beseni la viazi. Vilikuwa vimejaa vilevile, vimemenywa, vinangoja kwenye maji. Alitazama ndimu, zilikuwa nzima. Macho yakamjaa machozi na hakujaribu kuyaficha, wala hakusingizia moshi.

Upande wa mbele ngoma ikaanza. Mwanakhamisi akafungua kitambaa cha jikoni alichojifunga kiunoni, akamwekea mumewe begani, akajitengeneza mtandio.

"Basi mchele utie mwenyewe," akamwambia. "Sasa natoka mimi."

Akaenda bila kugeuka nyuma. Matano akabaki na sufuria yake, akatia mchele, akafunika, akapalia makaa juu ya mfuniko. Vigelegele vikapanda ng'ambo ya ukuta, vingi pamoja, na katikati yake kimoja kirefu kuliko vyote, alichokitambua mara moja ingawa ilikuwa mara yake ya kwanza kukisikia harusini.