Mafuta ya Friji

Mwaka wa themanini na nne hata daktari wa kutoka Dar es Salaam alikuja Musoma na sabuni yake mfukoni. Dafroza alimwona akinawa nje ya ukumbi wa kikao cha chanjo kwa kipande kidogo cha kijani, akakifuta kwa leso, akakifunga kwenye karatasi na kukirudisha kotini taratibu. Hakuna aliyemcheka. Waganga na wauguzi waliotoka Bunda, Butiama na vijiji vya ziwani walikuwa wanafulia majani ya mpapai, na sare za wengine zilikwisha kugeuka rangi ya chai.

Dafroza alikuwa nesi wa zahanati ya Bukirango, kijiji cha wavuvi na wakulima wa mihogo kwenye rasi, njia ya Bunda. Mganga wake alihamishwa na hakuletwa mwingine, kwa hiyo yeye ndiye aliyezalisha, aliyechoma sindano, aliyefagia na aliyeshika ufunguo wa stoo. Alikuwa amelala kwa kaka yake, mtaa wa Nyakato, na sasa alikaa benchi la nyuma, kikapu cha ukindu mapajani. Ndani ya kikapu mlikuwa na daftari la chanjo. Barua ya kumwita ilisema alilete, kwa sababu Bukirango kulikuwa na jambo la kueleza: watoto kumi na mmoja waliochanjwa surua waliugua surua hiyohiyo, na watano wakafa.

Waliongea asubuhi nzima. Daktari Florian, yule wa sabuni, alikuwa mwembamba, mpole wa sauti, na kazi yake aliijua. Alieleza kwa nini mtoto huchanjwa akifika miezi tisa na si mapema, kwamba kinga aliyopewa na mama yake bado imo damuni na huiua chanjo kabla haijafanya kazi. Alieleza kwamba mtoto wa surua hauawi na vipele. Huuawa na kichomi, kuharisha na njaa. Basi anyonye, apewe uji, apakwe dawa ya macho asije akapofuka, na akiharisha apewe maji yenye chumvi na sukari. Hapo Magige, mganga msaidizi wa zahanati moja ya karibu na Butiama, akanyoosha mkono.

"Daktari, hiyo sukari tunaitoa wapi? Sisi sukari tunaionaga Krismasi."

Watu wakacheka, na daktari naye akacheka. Akasema uji mwepesi wenye chumvi kidogo utafaa. Kisha akawaonyesha picha ya friji linaloendeshwa na jua, linalofanyiwa majaribio nchi za watu, na Magige akasema jua wanalo tele, waletewe friji tu. Wakacheka tena. Dafroza hakucheka. Alikuwa anasubiri kijiji chake kitajwe.

Kilitajwa karibu na saa sita. Mwenyekiti wa kikao, Makongoro, mzee mwenye miwani iliyofungwa kwa uzi sikioni, alisoma kutoka kwenye karatasi.

"Maelezo tuliyonayo ni kwamba akina mama wa Bukirango huazimana kadi za kliniki ili wapate maziwa ya unga. Kwa hiyo hao waliokufa hawakuchanjwa kabisa. Kadi walizokutwa nazo zilikuwa za watoto wengine."

Vichwa vilitikiswa kukubali. Yalikuwa maelezo mazuri sana, hayakumgusa mtu yeyote aliyekuwemo ukumbini. Ukitafuta mkosaji asiyekuwepo kujitetea, mama wa kijijini hakosekani.

Dafroza alijua kwamba ni uongo. Alikuwa anawajua watoto wale mmoja mmoja, sindano kwa sindano.

"Hata hivyo," alisema Daktari Florian, "tusiwasukumie akina mama kila kitu. Chanjo ya surua inakufa kwa joto. Na ikifa haibadiliki rangi, hainuki, huijui." Akainua kikadi cha karatasi ngumu kisichozidi kiganja. Kilikuwa na vidirisha vyeupe mstari mmoja. "Hiki ni kipya. Kitakuwa kinasafiri ndani ya boksi pamoja na dawa. Joto likiingia, vidirisha hivi vinageuka bluu. Na vikishageuka havirudi kuwa vyeupe, hata ukikitia kwenye barafu mwaka mzima. Kwa sababu dawa nayo ndivyo ilivyo. Ikishakufa hairudi."

Dafroza, mtoto wa wavuvi aliyekua akiona sato wakitupwa, alijua tangu utotoni kwamba samaki akishaharibika humrudishi kwa barafu. Kwa dawa hakuwahi kuwaza hivyo. Au aliwaza, akakataa kuwaza zaidi.

Ilikuwa Machi ya mwaka uliotangulia. Mzee Masatu alifariki Alhamisi, na wanawe walikuwa mbali, mmoja Mwanza na mmoja Tarime, kwa hiyo ilibidi awasubiri. Bukirango maiti ya mzee hailazwi gizani. Taa huwaka kichwani pake mpaka atoke nyumbani, na ukoo ulioshindwa kuwasha taa husemwa hata na wajukuu wa majirani. Lakini duka la kijiji halikuwa limeona mafuta ya taa kwa wiki tano. Mafuta pekee yaliyokuwepo yalikuwa debe la kuendeshea friji la chanjo, stoo kwa Dafroza.

Aliyekuja kuomba ni Nyamburi, mkwe wa marehemu, aliyeitwa mama Magesa kwa jina la mwanawe wa kwanza. Alikuja na galoni la plastiki, amejifunga khanga kiunoni, macho yamevimba. Dafroza alimjazia nusu. Ijumaa akaja tena, akamjazia yaliyobaki. Hakuona kama anatenda kosa, na katika kijiji kile hakuna mtu ambaye angemnyima. Friji lilizima Ijumaa usiku. Mafuta mengine yalifika kutoka Bunda Jumanne, akaliwasha, na Jumatano, siku ya kliniki, vichupa vilikuwa na baridi ya kuuma vidole na unga ndani yake mweupe kama siku zote. Akachanganya, akachanja watoto thelathini na wanane, akawapigia mihuri.

Januari surua ikaingia. Wa kwanza kufa alikuwa Magesa. Nyamburi alikuja na galoni lilelile, mimba ya miezi minane mbele yake, akaomba mafuta ya taa ya kumlaza mwanawe. Safari hii Dafroza alikataa. "Haya ni ya friji, mama Magesa," alisema, na akafunga mlango wa stoo. Mtoto alilala gizani mpaka akazikwa, na tangu siku hiyo Nyamburi hakumsalimia tena.

Makongoro alikuwa ameshafika kwenye maazimio. Dawa iliyoletwa mkoani ilikuwa nusu ya iliyoombwa. Kwa hiyo kampeni itakapoanza, kila mtoto mwenye muhuri wa surua kwenye kadi asirudiwe. Dawa iende kwa wasio na muhuri. Kuna mwenye neno?

Thelathini na wanane, ukitoa kumi na mmoja. Ishirini na saba walikuwa Bukirango wanacheza na mihuri yao mizuri, na hawana kinga hata ya kuazima. Januari ilikuwa imebaki miezi miwili. Dafroza alipiga moyo konde akasimama, kikapu kikaanguka.

"Mimi ndiye nesi wa Bukirango. Kadi hazikuazimwa." Aliliokota daftari sakafuni. "Friji langu lilizima siku nne. Mafuta niliyagawa kwenye msiba. Nikaliwasha tena, nikachanja. Nilidhani ikipoa imepona. Naomba watoto wangu warudiwe."

Magige, aliyekuwa na utani wa kila jambo, aliinamia viatu vyake; pengine alikuwa anakumbuka friji lake mwenyewe na misiba ya kwao. Makongoro alivua miwani.

"Unajua unachokisema, mama?"

"Najua."

"Basi barua utaletewa."

Daktari Florian aliuliza wamebaki wangapi, akaandika. Baada ya kikao alimpa boksi lenye barafu, vichupa vinne vya dozi kumikumi, na kikadi kile cha vidirisha kimelala juu yake.

"Nikushauri kitu," alisema, akiteremsha sauti. "Usiwaeleze haya yote. Waambie ni dozi ya pili, ya kuongeza nguvu. Watakupiga mawe bure."

Alikuwa mtu mwema, na ushauri wake ulikuwa wa mtu mwema asiyeijua Bukirango. Tangu Magesa afe, Nyamburi alikuwa amepita nyumba kwa nyumba akisema sindano ya Dafroza ndiyo iliyoleta surua, na walimwamini, kwa sababu waliochanjwa ndio waliokufa. Hakuna mama ambaye angeleta mtoto achomwe mara ya pili na mkono uleule. Hata watoto wapya hawakuwa wanaletwa, na Wegesa, binti wa Nyamburi aliyezaliwa mwezi mmoja baada ya kumzika kaka yake, alikwisha kufika miezi tisa bila sindano hata moja. Uongo usingewaleta. Labda ukweli ungewaleta, nao ungekuwa na bei yake, lakini kulikuwa na kipande kimoja ambacho Dafroza aliapa kukimeza. Hatamtaja aliyekuja na galoni. Mwanamke yule alikwisha kuzika, hana haja ya kubebeshwa na hilo.

Siku iliyofuata, Bukirango, mabalozi wa nyumba kumi waliwaita akina mama asubuhi, na walikuja, wakasimama mbali na kibaraza, wamewakumbatia watoto kama wanaogopa kunyang'anywa. Nyamburi alisimama mbele yao, Wegesa mgongoni.

"Dawa niliyowachoma watoto Machi ile ilikuwa imekufa," alisema Dafroza. "Haikuleta surua. Haikuwa na kitu chochote, ni kama niliwachoma maji. Friji lilizima nikaliwasha tena, nikafikiri dawa haina neno. Kosa ni langu peke yangu. Nimeleta dawa nzima, nataka niwarudie."

Hakuna aliyerusha jiwe. Afadhali wangerusha.

"Lilizimaje?" aliuliza mama mmoja wa nyuma. "Si ulikuwaga na debe wewe?"

"Mafuta yaliisha."

"Yaliishaje na kijiji kizima hakina mafuta? Uliuza?"

"Sikuuza. Yaliisha tu."

Dafroza alitazama miguu yake, akatazama ziwa, akatazama paa la zahanati. Hakumtazama Nyamburi, na huko kutomtazama ndiko kulikomponza.

"Machi tulikuwa na msiba wa baba mkwe," alisema Nyamburi polepole. "Galoni nilibeba mimi. Mara mbili."

"Niliyatoa mimi, mama Magesa. Ufunguo ulikuwa wangu. Wewe uliomba tu, hukujua."

"Sikujua, kweli." Alimvuta Wegesa kutoka mgongoni, akampakata. Uso wake haukuwa na hasira; ulikuwa umekazana, kama mtu anayefungua fundo kwa kucha. "Na Magesa alipokufa nilikuja tena, ukaninyima. Ukasema ni ya friji. Tulikaa naye giza tupu, Sista. Nilikuwa nampapasa uso nijue alipo."

"Ndiyo."

"Kwa hiyo siku ile ulikuwa unajuaga tayari."

Mjini Dafroza alikuwa amesema hakujua, na alipokuwa akisema aliamini. Alitaka kueleza habari za kikadi, kwamba hakuna aliyemfundisha, kwamba alijua kwa hakika Musoma tu, wiki hii. Lakini aliukumbuka mlango wa stoo na mkono wake ulivyokuwa na haraka ya kuufunga.

"Nilihisi," alisema. "Nikaogopa. Nikanyamaza."

Nyamburi alitikisa kichwa kama mtu aliyepewa bei aliyoitarajia. Akageuka, akawatazama wenzake, akamtafuta mmoja, na wa pili, na wa tatu, na wa nne, wale waliozika baada yake.

"Magesa alikuwa wa kwanza," aliwaambia. "Wenu walikuwa bado wazima."

Ilichukua muda. Dafroza aliona ukweli ule ukiwafikia mmoja baada ya mwingine: angesema siku ile, watoto wao wangerudiwa. Mmoja alikaa chini pale pale mchangani. Hakuna aliyelia.

Kisha Nyamburi alipanda kibarazani, akasimama mbele ya meza.

"Hiyo dawa ya leo ni nzima unajuaje?"

Dafroza alimwonyesha kikadi, akamweleza. Nyamburi alikishika karibu na macho, akavipitia vidirisha vyote kwa kidole, kimoja kimoja. Vilikuwa vyeupe. Akakirudisha, akaufunua mkono wa Wegesa.

"Mchome."

Alimchoma. Mtoto akapiga kelele, na mama yake akamfunga mgongoni, akashuka na kwenda zake bila kuaga. Walipoona hivyo wengine wakaanza kusogea, na foleni ikajipanga mpaka chini ya mwembe wa mwenyekiti wa kijiji. Dafroza alichemsha sindano, akachoma, akapiga muhuri juu ya muhuri wa zamani, hakuthubutu kuinua uso. Ilipokaribia saa saba aliwahesabu: ishirini na saba, na wapya sita.

Alipofunika kichupa cha mwisho aliona foleni haijaisha. Wale mama wanne hawakuwa na mtoto wa kuchanja. Walikuwa wamesimama mwisho wa mstari mikono mitupu, kwa utulivu, wakisubiri zamu yao ya kumuuliza.