Dawa ya Kuchua Chemchemini

Aibu niliyonayo, jamani, ningekuwa na pa kwenda ningehama Ikinga.

Tusekile, binti yetu aliyesomea maabara Mbeya, alikuja kuchota maji ya chemchemi yetu akapime kama yana mabaki ya dawa za hospitali. Majibu akatuletea kanisani, baada ya ibada: imo dawa ya kuchua misuli. Akasema ni chembe tu, haimdhuru mtu. Nani alimsikiliza? Tulishasikia "dawa", macho yote yakamgeukia Bibi Enesi, mjane anayejichua miguu kila asubuhi na kunawa mikono pale pale chemchemini.

"Bibi, unatunywesha sumu!" Ni mimi huyo, Tukuswiga, na mdomo wangu usio na breki. Kesho yake nikamkuta anachota, nikaimwaga ndoo yake. Wenzangu wakashangilia. Tangu siku hiyo akawa anashuka na wajukuu wake kuchota bondeni, wanakonywea ng'ombe.

Juzi Tusekile karudi, kanyong'onyea. Akatukusanya chemchemini. Akasema siku ile alibeba chupa moja ya maji safi kutoka maabara, akaifungua na kuifunga hapa hapa, ili baadaye aipime ajue kama yeye mwenyewe hachafui maji anayochota. Chupa hiyo alichelewa kuipima, akakimbilia kutuletea majibu. Sasa kaipima, nayo ina dawa ile ile.

"Mgongo ulikuwa unaniuma kwa ule mlima," akasema. "Nikajichua, sikunawa vizuri. Dawa ilitoka mikononi mwangu. Nimechota upya nikapima, chemchemi haina kitu." Akaanza kulia.

Hakuna aliyemgombeza. Tungeanzia wapi? Yeye angalau alirudi akasema.

Tukaenda kwa Bibi Enesi, mimi nikiwa mbele. Nikapiga magoti pale uani. "Bibi, nimekukosea. Wewe huna kosa lolote. Nisamehe, urudi kuchota chemchemini."

Bibi aliingia ndani akatoka na jagi na vikombe, akatumiminia maji mmoja mmoja, kama anavyokaribisha wageni siku zote. Maji yenyewe yalikuwa na rangi ya udongo. Tukatazamana. Hakuna aliyenyoosha mkono, hata mimi.

"Kunyweni," akasema. "Mimi na hawa watoto ndiyo tunayokunywa."