Tuta Mbele ya Mlango wa Darlene

Kule pembezoni mwa mji wa Buffalo, Marekani, mtu anayetukanwa kuliko mtoza kodi ni dereva wa lori la theluji. Kazi yake ni kufungua barabara, na kwa kufungua barabara anafunga watu majumbani. Bamba la chuma lililoko mbele ya lori linakata theluji na kuitupa upande wa kulia, na upande wa kulia ndiko njia za magari za watu zilikojipanga. Umeamka, umechimba njia yako mpaka mgongo unakulilia, umebakiza kuwasha gari tu uende kazini. Lori linapita, vuuu! Mdomo wa njia yako unabaki na tuta linalokufika magotini, chafu, zito kama saruji. Hapo ndipo utakapojua kwamba hata bibi wa kanisani ana akiba ya matusi.

Norbert Wieczorek alikuwa ametukanwa tangu enzi zile alipokuwa na nywele. Hakujali. Alikuwa akipunga mkono na kutabasamu chini ya masharubu yake kama mgombea ubunge, kisha anawatupia nyingine. Wote sawa: padri, daktari wa meno, hata bosi wake mwenyewe. Nyumba moja tu katika njia yake yote haikuwahi kupata tuta, nayo ilikuwa ya bluu, Mtaa wa Bernadette, ambako aliishi mkewe Darlene.

Ujanja wenyewe ulikuwa hivi. Akikaribia nyumba ya bluu, Norbert alinyoosha bamba. Badala ya kutupa theluji pembeni, lori liliisukuma mbele kama mtu aliyebeba mtoto, likavuka mdomo wa njia ya Darlene bila kuacha hata konzi moja. Likishavuka, alilipinda bamba tena, na mzigo wote, wa Darlene pamoja na wake mwenyewe, ukamwangukia jirani anayefuata.

Jirani huyo ni Augie Stachura, mstaafu wa kiwanda cha chuma, mwembamba, mwenye mdomo mkubwa kuliko beleshi lake.

"Norbert!" alikuwa akipiga kelele kutoka barazani. "Mapenzi yenu yatanivunja kiuno! Mpelekee mkeo maua kama wanaume wengine!"

"Maua yananyauka, mzee!" Norbert anajibu dirishani. "Hii inakaa mpaka Machi!"

"Basi siku moja mpende mke wangu, na mimi nipumzike!"

"Nimemwona, mzee. Chimba tu!"

Kila Krismasi Darlene alimpelekea Augie sinia la pierogi, sambusa za Kipolandi za viazi na jibini, kama fidia, na Augie alikula huku akidai hazitoshi. Mtaa mzima ulijua habari ya bamba. Wanawake waliwaonyesha waume zao: unaona mwenzako?

Halafu majira ya kuchipua ya mwaka juzi Darlene akamwomba Norbert ahame.

Hakukuwa na ugomvi wa kuvunja sahani. Hakukuwa na mwanamke mwingine. Mwanamke gani angemgombea mtu anayenuka dizeli na chumvi? Norbert alipanga chumba juu ya duka la kinyozi, akanunua kikaango kimoja na mto mmoja, na kwenye yadi ya malori aliwaambia wenzake kwamba wamepumzishana kidogo.

"Mapumziko gani haya yanapita likizo mbili za shule?" wakamuuliza.

"Ninyi hamjui ndoa," akawajibu, akaenda zake kupakia chumvi.

Kwake yeye hesabu ilikuwa rahisi. Theluji ilipoanguka, alikwenda Mtaa wa Bernadette, akanyoosha bamba. Darlene hakukataa. Asiyekataa bado hajamaliza. Siku moja atatoka barazani na kikombe cha kahawa kama zamani, amwambie, Norbi, ingia. Alikuwa ameshaliandaa jibu: atasema, ngoja nizime lori.

Jumamosi moja ya Januari upepo wa ziwa lililo kando ya mji ulitapika theluji. Theluji ilianza kabla ya mapambazuko, na ilipofika saa tatu asubuhi magari yaliyolala nje yalikuwa yamegeuka vichuguu. Norbert aliingia Mtaa wa Bernadette akinyonya sukari ya donati vidoleni, akapita nyumba za mwanzo, vuuu, vuuu, akanyoosha bamba mapema kidogo ili mambo yawe safi.

Darlene alikuwa amesimama ukingoni mwa barabara. Alivaa koti lake la zambarau na buti, ameinua mkono kama anayesimamisha basi.

Sheria ya halmashauri inakataza kusimama. Norbert akasimama. Alijifuta masharubu, akajitazama kwenye kioo, akavua kofia, akaona ni afadhali aivae. Akashusha dirisha huku moyo ukimdunda kama wa kijana wa kidato cha pili.

"Kahawa?" akauliza.

"Norbert," Darlene akasema.

Norbert, jina zima. Miaka yote ya ndoa alikuwa Norbi, hata siku ile alipobamiza bamba kwenye sanduku la barua la padri.

"Renata mzima?" akauliza haraka. Renata ni binti yao, aliyehamia Arizona, ambako beleshi ni la kupandia maua.

"Renata mzima. Ni habari ya bamba. Naomba usininyooshee tena."

Norbert akacheka. "Augie amekutuma, eh? Mwambie yule mzee aongeze mazoezi."

"Augie hajanituma."

"Basi kuna mtu amenishtaki ofisini. Waache washtaki. Mimi nawajua wale, wote njia zao..."

"Norbi, nisikilize."

Jina lilimtoka tu, na wote wawili walilisikia. Darlene akatazama buti zake.

"Nikilala nakusikia unakuja tangu kule kona," akasema. "Bamba linakwaruza, linakwaruza. Nikilisikia linafika pale jirani, kwa kina Kessler, najikuta nimekaa kitandani. Halafu sauti inabadilika. Linaguna. Najua umeninyooshea. Basi, usingizi hakuna. Nakaa pale kama mjinga nakusikiliza unavyoondoka."

"Si vizuri hivyo?" Norbert akasema. "Maana yake unajua niko."

"Uko wapi?"

Chini yake lori lilitetemeka, taa zake za manjano zikizunguka juu ya theluji, juu ya koti la zambarau, juu ya theluji tena.

"Baba alipofia mikononi mwangu pale sebuleni, ulipita," Darlene akasema. Hakupaza sauti. "Ulipita mara tatu siku ile. Nilikusikia mara zote tatu. Mara zote ulininyooshea bamba, na mara zote nikasema, sasa atasimama, sasa ataingia."

"Ilikuwa dhoruba, Darlene. Magari ya wagonjwa yalihitaji njia. Ningesimamaje?"

"Leo umesimamaje?"

Donati, ambayo Norbert alikuwa bado ameishika, ikamwangukia mapajani.

"Sikuja kukulaumu," Darlene akasema. "Kweli tena. Ulifanya kazi, watu wakafika hospitali. Lakini ulininyooshea bamba ukadhani umesharudi nyumbani. Na mimi nikakaa nadhani hivyo hivyo. Nimechoka kudhani."

"Ipo namna. Nastaafu mwakani. Niombe chochote. Nitabadilisha njia, nitaomba zamu ya mchana, nitaomba—"

"Nimeshaomba. Nitupie tuta kama wengine."

"Litakushinda. Bega lako lile."

"Likinishinda nitaita mtu."

"Mtu gani?"

Norbert akatamani asingeuliza.

"Hakuna mtu," Darlene akasema. "Ndiyo maana nakuomba. Mlango umejaa wewe, Norbert. Hata angekuwepo, angepitia wapi?"

Gari dogo nyuma ya lori likapiga honi. Darlene akarudi nyuma hatua chache, akampungia mkono apite, vile vile anavyompungia dereva yeyote. Na Norbert, ambaye bamba lake lilikuwa bado limenyooka, akapita. Augie akapata mzigo wake maradufu. Akatoka barazani mdomo tayari, akaona uso wa Norbert dirishani, akaufunga.

Theluji haikukoma. Mchana Wanda wa ofisini akasema kwenye redio ya lori kwamba mtaa wa Bernadette umeziba tena, arudi.

"Mtume mwingine," Norbert akasema.

"Nimtoe wapi? Wengine wamekwama barabara kuu. Kulikoni, unaumwa?"

"Siumwi."

"Haya, nenda kamnyooshee mama Renata," Wanda akasema, akacheka.

Alikwenda. Akaanza kona, taratibu kuliko inavyotakiwa. Kwa kina Kessler, vuuu. Mkono wake wa kulia ulikuwa kwenye kishikio, na mkono ule ulijua kazi yake. Ulianza kukivuta wenyewe kabla hajauambia. Akauzuia. Akaushika kwa mkono wa pili, akawa anaongoza usukani kwa viwiko kama mlevi. Njia ya Darlene ilikuwa imechimbwa safi mpaka barabarani, kingo zimenyooka, na gari lake dogo limegeuzwa likitazama nje. Lazima ilimchukua asubuhi nzima na bega lile.

Bamba halikuguna. Liliendelea kukwaruza, sauti ile ile moja, na theluji ikamwagika kulia, ikalala mbele ya nyumba ya bluu kuanzia ukingo huu hadi ule.

Kwenye kioo cha pembeni alimwona Darlene akitoka na beleshi. Alisimama mbele ya tuta, akalitazama. Augie alikuwa nje naye, mbele ya tuta lake dogo la mtu mmoja. Alitazama lake, akatazama la Darlene, akalitupa beleshi begani na kuanza kuvuka kwenda kwa jirani. Darlene akainua kiganja: hapana. Akachoma beleshi kwenye theluji. Mara ya kwanza halikuingia. Akalikanyaga kwa buti.

Norbert alifika mwisho wa mtaa, akasimama kwenye alama ya kusimama.

"Lori namba saba," Wanda akaita. "Bernadette vipi?"

"Imeisha."

"Yote?"

"Nyumba zote, Wanda."

Wanda alikuwa ofisini tangu harusi yao. Ndiye aliyewafungia makopo ya kupiga kelele nyuma ya gari la harusi.

"Sawa, baba," akasema, kwa sauti ambayo Norbert hakuwahi kuisikia redioni. "Njoo Mtaa wa Pulaski. Huko nako wamefungwa."

"Nakuja," akasema.

Hakwenda. Barabara ilikuwa nyeupe pande zote, hakuna gari. Vipangusio vilifuta kioo, vikafuta, na yeye akaendelea kuangalia kama mtu ambaye bado haoni mbele, mpaka alipotambua kwamba kioo kilikuwa safi zamani, na kilicholowa ni masharubu yake.