Upepo wa Kibandani

Fundi alipoingia na bunduki yake ya kusikilizia, akina mama wa meza ya kusafisha samaki walimkagua kuanzia viatu hadi kipara, kisha wakatazamana. Bunduki yenyewe ilikuwa ndogo, nyeusi, mdomo umechongoka kama titi la mbuzi, na waya ukitoka nyuma yake hadi kwenye visikilizio alivyojifunika masikioni.

“Ndiyo nini hiyo?” akauliza Unaisi. Tumbo lake lilikuwa kubwa kiasi kwamba siku hizi lilifika mezani kabla yake.

“Ultrasaundi, dada.”

Meza nzima ikalipuka kwa kicheko.

“Haya, Unaisi, panda mezani upimwe!” akasema Taraivini, kiongozi wa meza, mjane mwenye mabega mapana na kitita cha funguo za stoo kiunoni.

“Si ya watu, mama. Ni ya mabomba.”

“Kumbe kompresa ndiyo ina mimba! Nilijua mie. Inakula kutwa, kazi haifanyi, na asubuhi inatapika.”

Fundi alicheka mpaka visikilizio vikamtoka. Jina lake Ilaitia, na alipoulizwa kwao wapi akasema Waidalo, basi visu vikawekwa chini. Maana karibu wote mezani pale walikuwa watu wa Nasovu, na Nasovu na Waidalo ni watani tangu mababu. Mtani akikutukana unacheka, kisha unatafuta tusi kubwa zaidi. Mtani akichukua kitu chako, kimekwenda hicho, nawe unasema asante.

“Waidalo! Enyi wezi wa magimbi, nani kawafungulia geti?”

“Nimefuata harufu, mama. Nikasema, ama samaki wameoza, ama watu wa Nasovu wameinua mikono.”

“Ala!”

“Basi, basi, basi!” Meneja alikuwa ametokea mlangoni pa ofisi, akijifuta jasho. Bwana Emosi naye alikuwa mtu wa Waidalo, na wiki yake ya kwanza kazini akina mama walimlia chakula chake cha mchana, wakamrudishia bakuli limeoshwa vizuri. Tangu hapo alibandika mlangoni kipande cha kadibodi: UTANI UACHWE GETINI. Lakini leo hakukinyooshea kidole. Uso wake haukuwa wa ugomvi.

“Akina mama, nisikilizeni. Mashine ya kufunga mikebe inakwenda kwa hewa, na hewa haitoshi. Vifuniko vinakaa kama kofia ya mlevi. Wakubwa wa kampuni kule Suva wamekataa kununua kompresa nyingine. Wamesema sindano ya geji isipofika kwenye kijani jioni hii, mikebe basi. Jodari watapakiwa melini na barafu yao, wakafungiwe kwingine.”

“Na sisi?” akauliza Unaisi.

Bwana Emosi alitazama viatu vyake. Pale kisiwani ukitoka kiwandani hakuna kiwanda kingine. Kuna bahari na ndugu wa kukuuliza umekula nini.

“Huyu bwana anasema kompresa ni nzima,” akaendelea. “Hewa inavuja, ila kwa sauti ya juu mno, sikio halishiki. Chombo chake kinaishusha mpaka isikike. Mwacheni afanye kazi.”

Taraivini alirudi kwenye samaki wake, lakini kisu kilikuwa kimepoteza makali, au mkono.

Maana kulikuwa na jambo. Kibanda chao cha mapumziko kilibanana ukuta kwa ukuta na matanuri ya kupikia mikebe. Ungeingia na muhogo mbichi, ungetoka na wa kuchemsha. Waliomba feni mpaka midomo ikawakauka. Siku Unaisi alipoanguka mle ndani, kikombe cha chai mkononi, Taraivini hakuomba tena. Alimwita shemeji yake mwenye drili. Jumapili, watu wakiwa kanisani wakiimba, shemeji akatoboa bomba la hewa lililopita nyuma ya kibanda na kuchomeka mpira. Tangu hapo akina mama walipumzika kama wake wa machifu, upepo ukiwapuliza magauni. Wakimaliza waliukunja mpira, wakaufunga kwa ukanda wa aproni kuukuu. Ukiukunja, kimya. Na kitu kikinyamaza, kimefungwa; ndivyo alivyoamini Taraivini, na angeapa kwa Biblia.

Kwa hiyo hakuogopa kwamba upepo wao ulikuwa unaua kiwanda. Aliogopa kuonekana. Aliyetoboa mali ya kampuni hapewi mkono wa kwaheri, anapewa teke.

Ilaitia alitembea na bomba kama mtu anayebembeleza nyoka, akielekeza mdomo wa bunduki huku na huku. Alipopata pa kuvuja alipaka povu la sabuni, povu likachemka, akafunga utepe mwekundu. Akina mama walianza kuimba kwa nguvu, wimbo wa kanisa wenye besi za kutikisa bati.

“Tunakusumbua, mtani?” akauliza Taraivini kwa sauti tamu.

“Hata kidogo. Sauti za watu ni nene, hazipiti humu. Imbeni hata mkauke.” Ghafla akashtuka, akavua visikilizio. “Ila hizo funguo zako, mama! Zinanipasua masikio kama mvua ya misumari. Kaa nazo mbali.”

Kwa nini mtu anamwambia mtani wake kinachomsumbua? Mpaka saa za chai Taraivini alikuwa na safari nyingi za kwenda stoo kuliko mwaka mzima. Na kila fundi alipokaribia kibanda, stoo ilimwita Taraivini apitie njia ile ile: chakacha, chakacha, kiunoni.

“Mama, umesahau nini tena?”

“Kisu.”

“Si hicho mkononi?”

“Hiki ni cha kuwatahiria watu wa Waidalo. Natafuta cha samaki.”

Ilaitia alicheka, akapangusa masikio, akauacha ule ukuta.

Alasiri walizima kompresa, mafundi wa zamu wakakaza viungo na kubadilisha mipira palipokuwa na tepe. Kisha kompresa ikawashwa, na kiwanda kizima kikaja kuitazama sindano. Ikapanda. Ikapita pale ilipozoea kulala. Akina mama wakaanza kupiga vigelegele. Ikakaribia kijani, ikatetemeka, ikasimama hapo hapo, kama mkwe aliyefika mlangoni akaona aibu kuingia.

Walingoja. Haikuingia.

“Lipo tundu jingine,” akasema Ilaitia. “Kubwa. Wala sijui liko wapi.”

Bwana Emosi alirudi ofisini taratibu, na walimwona kupitia kioo akiinua simu, akiiweka chini, akiiinua tena. Unaisi aliketi kwenye kreti, akaanza kufungua aproni yake, akaikunja vizuri pembe kwa pembe, kama mtu anayerudisha kitu cha kuazima.

Ile aproni ndiyo iliyomshinda Taraivini. Alifungua kitita cha funguo kiunoni, akampa Unaisi ashike kwa mikono miwili.

“Usitikise,” akasema. Akamwendea Ilaitia. “Wewe mwizi wa magimbi. Nimeipenda bunduki yako. Nimeichukua.”

Ilaitia aliitazama bunduki yake. Mtani ni mtani. Akavua visikilizio, akampa.

Taraivini alikwenda peke yake. Ataelekeza ile bunduki kwenye mpira uliokunjwa, atasikia kimya, na roho yake itatulia. Ndivyo alivyojiambia. Aliingia kibandani, akavaa visikilizio, akaelekeza.

Mngurumo ulimrukia. Ulikuwa kama maporomoko ya maji baada ya kimbunga, kama mafuta yanayopokea samaki mia. Kwenye mkunjo, ambapo mpira ulikuwa umepasuka vinyufa, ulilia. Ukutani, pale shemeji alipochomeka, ulilia zaidi. Alivua visikilizio: kimya kabisa, nzi wanapita. Akavaa: ngurumo. Mchana na usiku, hata wakiwa wamelala majumbani kwao, kibanda kilikuwa kinakunywa hewa ya mikebe yao wenyewe.

“Mtani!” akaita. “Njoo! Njoo unione nilivyo mjinga, utapata la kunitukania mpaka kaburini!”

Ilaitia alikuja, akautazama mpira, ukanda wa aproni, viti vilivyopangwa nusu duara kuuelekea. Akaelewa yote.

“Na funguo?”

“Na funguo.”

“Watu wa Nasovu,” akasema polepole, “mngeweza kuizamisha meli kwa kuitoboa mpate maji ya kunywa.” Kisha akatazama bati la moto juu ya kichwa chake, na ukuta wa matanuri, na jasho lililokwisha kumlowesha shati kwa kusimama tu. “Lakini, mama, humu mnapumzikaje?”

“Kwa huo upepo.”

Ilaitia alifunga valvu ya bomba lile, akang'oa mpira, akaziba tundu kwa bolti na kulikaza kwa mkanda wa chuma, akafungua. Kutoka kule ndani wakasikia vigelegele, na safari hii havikukatika. Sindano ilikuwa imeingia kwenye kijani na kukaa.

Bwana Emosi alikuja mbio, macho mekundu. “Lilikuwa wapi?”

“Kibandani,” akasema Taraivini, kabla mtu hajamkinga. “Nililitoboa mimi. Walikuwa wanaanguka kwa joto.”

Meneja alimtazama, akautazama mpira. Ilaitia akakohoa.

“Ndugu yangu Emosi, hewa iliyopotea hapa ingezungusha feni za kisiwa kizima. Feni moja ni nafuu. Kwani kiwandani hakuna?”

Macho ya Taraivini yalitoka kwa fundi, yakaenda polepole kwenye kioo cha ofisi. Mle ndani feni kubwa ya kusimama ilikuwa ikigeuza shingo, huku na huku, kama inayomtafuta mtu.

“Bwana Emosi wa Waidalo,” akasema, “feni yako ni nzuri sana.”

“Taraivini, usithubutu. Pale mlangoni pameandikwa—”

“Tumeichukua.”

Akina mama walikuwa wameshafika ofisini. Unaisi alishika waya, wengine wakabeba shingo na miguu, wakapita nayo mbele ya pua yake wakiimba besi zile zile. Meneja alinyanyua mkono, akaushusha. Kona ya mdomo ilimcheza.

“Asante,” akasema, kama inavyotakiwa. “Na Krismasi nitakuja Nasovu kuchukua nguruwe wako, yule mnene. Na ukitoboa tundu lingine, Taraivini, nitaliziba kwa mwili wako.”

Mashine ya mikebe iliguna, ikaanza kubana vifuniko, ka, ka, ka, kila kimoja kikikaa sawasawa. Kibandani akina mama walipokezana kukaa mbele ya feni, Unaisi wa kwanza, tumbo wazi kwenye upepo. Na huko ofisini Bwana Emosi alipiga simu Suva kuwapa habari, ametoa vifungo viwili vya shati, akijipepea kwa kile kipande cha kadibodi alichokibandua mlangoni.