Sauti ya Mfereji wa Tseikuru

Kyule aliivalisha maiki soksi nyeusi ili upepo usiingie, akavaa hedifoni na kupiga magoti kando ya mfereji uliotoka kwenye tangi jipya. Walikuwa wanapiga video ya dakika sita kuhusu mradi wa maji wa Tseikuru. Bomba la kuleta maji halikuwa limefika. Kwa hiyo Nzioka, msimamizi wa mradi, alimwomba Mwongeli, mama wa kijijini hapo, alete mitungi minne ya maji kutoka mtoni kwa punda, wakayamimina kwenye tangi.

"Wafadhili wakiona maji, mwaitu, watatuma bomba," Nzioka alimwambia, akimwita mama kwa Kikamba.

Mwongeli alitaka bomba. Alikuwa ameenda mtoni kila siku kwa miaka ishirini na sita.

"Fungua," alisema Wavinya, mwenye kamera.

Mwongeli akafungua. Maji yalitoka dakika mbili, yakaisha.

Kyule hakusikia maji. Alisikia kwato, mchanga ukikanyagwa, na mwanamke akihema. Alibadilisha waya, akabadilisha betri. Alipoangalia, faili ilikuwa na urefu wa saa tatu na dakika kumi.

"Umerekodi nini?" Wavinya aliuliza.

"Sijui. Punda."

"Punda gani, na yule amefungwa kule sokoni? Wewe jana ulilala wapi?"

Mwongeli aliomba hedifoni, akazivaa juu ya kitambaa chake cha kichwa.

"Huyu ni mimi," alisema. "Na huyo ni punda wangu. Ngoja, tunafika mlimani. Hapo lazima ajambe."

Akasubiri kidogo.

"Ni yeye," akasema, akarudisha hedifoni.

Kyule alirekodi hotuba ya Nzioka, ikasikika vizuri. Alirekodi maji yaliyobaki kwenye beseni, akapata kwato. Hotelini alirekodi chai ikimiminwa, akapata punda mwingine, anayechechemea. Hakuelewa kama mashine imeharibika au ni yeye.

"Toa hiyo ya punda," Nzioka alisema. "Weka ya maji."

"Hii ndiyo ya maji," Kyule akajibu.

Wavinya alipakua sauti ya maji ya nchi nyingine kutoka kwenye mtandao. Ilikaa sawasawa na picha.

Wiki mbili baadaye video ilionyeshwa kanisani, watu wakapiga makofi. Nzioka alisoma barua ya wafadhili. Walikuwa wamefurahi kwamba mradi umekamilika, na sasa walikuwa wanahamia kwingine.

Mwongeli alisimama. "Na bomba?"

"Bomba la nini tena, mwaitu? Si mfereji uliufungua kwa mkono wako, maji yakatoka?"

Mwongeli alifikiri. Aliufungua mwenyewe, na maji yalitoka.

"Ni kweli," alisema.

Alichungulia jua mlangoni, akaomba njia kati ya viti. Anayefika mtoni baada ya saa sita hukuta visima vya mchangani vimebaki na tope.